Gurudumu Kubwa, Gurudumu Dogo

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutumiwa kuwakemea wale wanaokaa sana dukani na kidogo shambani, na hapana shaka kila kijiji kina watu wake wa aina hiyo. Hata hivyo, yamkini aliyeitunga alikuwa akichagua baina ya majembe yaliyotoka kwa mhunzi mmoja. Mtu anayesimama leo mbele ya baiskeli tatu za milimani, ya kwanza yenye magurudumu ya inchi 26, ya pili ya 27.5 na ya tatu ya 29, hana nafuu hiyo. Uamuzi wake ndio utakaosema kama atafika juu ya kilima akiwa ameketi au akiikokota, kama atapata tyubu siku ya pancha, na kama fedha alizozidunduliza zilikwenda mahali pake.

Yafaa kuanza na namba zenyewe, kwa sababu ni namba za hila. Inchi zinazotajwa dukani si kipimo cha ringi, bali ni makadirio ya kipenyo cha gurudumu zima likiwa limevishwa tairi nene. Kipimo cha kuaminika ni kile kilichoandikwa kwa tarakimu ndogo ubavuni mwa tairi, mara nyingi zikiwa zimefunikwa na vumbi. Hapo huwa pana namba mbili zilizotenganishwa na kistari. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi inapokalia. Kwa gurudumu liitwalo 26 namba hiyo ya pili ni 559, kwa 27.5 ni 584. Kwa 29 ni 622. Basi ugomvi wote baina ya kubwa na dogo, ugomvi uliojaza kurasa za magazeti ya baiskeli kwa zaidi ya miaka kumi, ni ugomvi wa milimita 63 za ringi. Tena msomaji akitoa hesabu ataona kwamba 27.5 haikukaa katikati kama jina lake linavyodai. Imeipita 26 kwa milimita 25 tu, nayo imeachwa na 29 kwa milimita 38. Jina limeisogeza kati, chuma hakikusogea.

Mwanafunzi wa isimu aliyefundishwa kwamba uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu angepata hapa mifano ya kumtosha muhula mzima. Ringi ya milimita 584, ambayo leo ni 27.5, ilijulikana zamani nchini Ufaransa kwa jina la 650B, na katika mpangilio wa inchi za Kiingereza iliitwa 26 kwa moja na nusu. Ringi ya 622, ambayo leo ni 29, ndiyo hiyo hiyo ya baiskeli za mashindano ya barabarani iitwayo 700C, na huko Ujerumani na Uholanzi huandikwa 28. Ringi moja, majina matatu. Kisha kuna ringi ya baiskeli nyeusi ya chuma ambayo Wakenya huiita Black Mamba, ile iliyobeba magunia ya mahindi, mitungi ya maziwa, na abiria waliovushwa kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda hata likazaliwa neno bodaboda. Ubavuni mwa tairi yake pameandikwa 28 kwa moja na nusu, na ringi yake ina milimita 635. Naam, ni kubwa kuliko ya 29 kwa milimita 13. Tairi yake nyembamba ndiyo inayolifanya gurudumu zima kuwa dogo kidogo kuliko la baiskeli mpya ya milimani. Kwa hivyo wakati wauzaji wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakilitangaza gurudumu kubwa kana kwamba ni ufunuo, mwendeshaji wa bodaboda wa Busia alikuwa ameshaikalia ringi iliyolipita kwa miaka mingi, na hakuna aliyemwita mwanamapinduzi.

Swali linalofuata ni kwa nini 26 ilitawala milimani muda mrefu namna ile. Jibu halimo katika sayansi. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Schwinn ya Chicago iliunda baiskeli nzito za vijana zenye tairi nono za inchi 26. Miaka arobaini baadaye, vijana wa kaunti ya Marin katika jimbo la California walizitafuta baiskeli hizo kuukuu kwa sababu zilikuwa rahisi na ngumu, wakawa wanazipandisha mlimani na kuteremka nazo kwa kasi ya kutisha. Mwaka wa 1976 walianza kushindana katika mteremko walioupa jina la Repack, kwani breki za kitovuni zilipata moto hata grisi ikafuka moshi, na ikabidi zipakwe grisi upya baada ya kila safari. Joe Breeze alipojenga fremu yake ya kwanza ya mlimani mwaka wa 1977, na Gary Fisher na Charlie Kelly walipofungua biashara yao mwaka wa 1979 wakiuza fremu za Tom Ritchey, magurudumu yalikuwa yale yale ya 26, maana ndiyo yaliyokuwa na tairi pana. Nchini Uingereza, Geoff Apps alikuwa akiunda baiskeli zake akitumia tairi za theluji kutoka Finland zenye ringi kubwa zaidi. Laiti tairi hizo zingepatikana kwa wingi, huenda historia ingechukua njia nyingine. Mambo mengi tunayoyaheshimu kama kanuni yalianza kwa kuwa hicho ndicho kilichopatikana ghalani.

Tairi ya kwanza nene ya kweli ya 29 ilitengenezwa na kampuni ya WTB mwaka wa 1999, nayo ilipokelewa kwa kicheko. Waliocheka walisema ni gurudumu la watu warefu, zito, lisilopinda kona. Kufikia katikati ya muongo wa 2010 kicheko kilikuwa kimehama upande: kampuni nyingi kubwa zilikuwa zimeiondoa 26 katika baiskeli zao za daraja la juu. Baina ya hayo kulikuwa na mchuano ambao mashabiki hawajausahau. Mwezi Machi mwaka wa 2012, Nino Schurter wa Uswisi alishinda mbio za Kombe la Dunia huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, akiwa juu ya 27.5. Mwezi Agosti mwaka huo huo, katika Michezo ya Olimpiki ya London, Schurter alifika mwisho akiwa bega kwa bega na Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki aliyekuwa juu ya 29. Baada ya takriban saa moja na nusu ya vumbi na mawe, Kulhavý alimpita kwa sekunde moja. Kila upande ulipata hoja. Wa 29 walisema dhahabu imesema, wa 27.5 walisema sekunde moja haisemi kitu. Ukweli ni kwamba baadaye Schurter mwenyewe alihamia 29, kama walivyohamia karibu wote washindanao katika mbio za nyika.

Lakini bingwa ana fundi wake, gari la vipuri na baiskeli ya akiba. Hoja hubadilika pindi mnunuzi anapokuwa mtu wa kawaida, na hapa pafaa kutazamwa mfano wa mwalimu mmoja wa hisabati katika milima ya Taita.

Mwalimu huyu ni mwanamke mwenye kimo cha sentimita 156. Anaishi Wundanyi na kufundisha katika shule iliyo upande wa Werugha, ambako njia ya mkato ni ya udongo mwekundu, mizizi na mawe. Ni mwalimu wa bodi, yaani mshahara wake ni mdogo na huja unapopenda. Nauli ya kila siku ilikuwa ikiula mshahara huo kama mchwa. Zamu yake ya chama ilipowadia alipata shilingi 22,000, na zamu nyingine isingefika kabla ya miaka miwili. Ndipo akaamua kununua baiskeli ya milimani iliyotumika. Kwa hivyo alikuwa na nafasi moja tu. Akikosea, angeutembea uamuzi wake kwa miguu asubuhi na jioni hadi chama kizunguke tena.

Kama ilivyo ada ya watu wa fani yake, alianzia ubaoni. Aliwapa wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu swali hili: gurudumu linasimama mbele ya jiwe lenye kimo cha sentimita 10; ni msukumo kiasi gani wa mlalo unaohitajika kulipandisha? Wanafunzi walichora duara, wakachora jiwe, wakaunganisha kitovu cha gurudumu na ncha ya jiwe, na Pythagoras akawafanyia yaliyobaki. Kwa tairi yenye unene wa milimita 56, nusu kipenyo cha gurudumu la 26 ni takriban milimita 335, na cha 29 ni 367. Iwapo gurudumu la mbele limebeba kilo 30, la 26 linadai msukumo ulio sawa na kilo 30.5 hivi, na la 29 linadai kilo 28.3. Tofauti ni asilimia 7. Jiwe likiwa la sentimita 20, tofauti hupanuka hadi karibu asilimia 14. Hesabu hiyo ni ya gurudumu lililosimama, kwani baiskeli iliyo mwendoni hubebwa pia na kasi yake, lakini mwelekeo wake ni sahihi. Kadiri kikwazo kinavyokuwa kikubwa ndivyo gurudumu kubwa linavyozidi kunufaisha. Halikadhalika katika mashimo: gurudumu dogo hutumbukia, kubwa hupita juu juu. Mwanafunzi mmoja aliuliza ikiwa basi jibu ni kununua gurudumu la trekta. Darasa lilicheka, ila swali lilikuwa zuri kuliko lilivyoonekana, maana ndilo lililofungua upande wa pili wa daftari.

Upande wa pili ulihusu mzunguko. Gurudumu la 26 likizunguka mara moja husafiri takriban milimita 2,108. La 29 husafiri 2,306. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 9 kwa kila mzunguko, na hakuna kinachopatikana bure. Kwa gia ile ile, mpanda kilima mwenye 29 huwa ameketi juu ya gia nzito zaidi kwa asilimia 9. Mwenye meno 32 mbele kwenye 26 atahitaji meno kama 29 hivi ili mguu wake usihisi tofauti. Baiskeli mpya za 29 huuzwa zikiwa na gia nyepesi za kutosha, hivyo shida hiyo imeshatatuliwa kiwandani. Baiskeli ya mitumba ni jambo jingine, na mwenye kuinunua hana budi kuyahesabu meno mwenyewe. Aidha, ringi kubwa na spoki ndefu ni nzito zaidi, na uzito ulio ukingoni mwa gurudumu hulipiwa maradufu kila baiskeli inapoondoka kutoka kusimama, kwa kuwa lazima usogezwe mbele na papo hapo uzungushwe. Spoki ndefu pia hulifanya gurudumu kuwa legevu zaidi likisukumwa ubavuni. Watengenezaji wamelijibu hilo kwa kupanua vitovu na kuimarisha ringi, na wamefaulu kwa kiasi kikubwa. Anayerudia leo kwamba 29 haipindi kona anasimulia habari za mwaka wa 2003.

Kuna jambo ambalo hesabu ya ubaoni haikuligusa, nalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote kwa mwalimu huyu: mwili wake. Gurudumu halikui na kupungua pamoja na mwendeshaji. Fremu hutengenezwa ndogo kwa mtu mfupi, lakini gurudumu la 29 hubaki lile lile, na chuma hulazimika kulitafutia nafasi. Usukani huinuka, kwa sababu uma wa mbele umekalia gurudumu refu. Umbali kati ya pedali na gurudumu la mbele husongwa hadi ncha ya kiatu iligonge tairi mtu anapokata kona polepole. Kwa mwendeshaji wa tambarare hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mtu apandaye njia ya Taita yenye kona kali, mwendo wa kobe, mzigo wa madaftari mgongoni na bonde upande wa kushoto, si usumbufu mdogo hata kidogo. Baadhi ya kampuni kubwa zimekubali hoja hii bila kupiga kelele: huweka 27.5 kwenye fremu zao ndogo na 29 kwenye za wastani na kubwa. Wale wasemao kuwa saizi moja inawafaa wote kwa kawaida huwa ni watu wa kimo cha wastani.

Kabla ya kwenda Mombasa kutazama baiskeli, mwalimu alipitia kwa fundi mzee mwenye kibanda karibu na stendi ya Mwatate. Ni mtu ambaye huduma yake huambatana na maneno machache.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Baiskeli iko wapi?"

"Sijainunua bado. Nimekuja kuuliza. Nikichukua ya 29, waonaje?"

Fundi aliendelea kuinyoosha ringi iliyokuwa mikononi mwake. "Nitaona ina magurudumu mawili."

"Nakuuliza kwa dhati, mzee wangu."

"Na mimi nakujibu kwa dhati. Tazama ukutani." Ukutani mlikuwa na misumari, na kila msumari ulikuwa na mzigo wake. "Hizo ni tyubu za 26. Hizo pale ni za Black Mamba. Hizo ndogo ni za watoto. Za 29 waziona?"

"Sizioni."

"Hata mimi sizioni. Utazifuata Mombasa, na pancha haitoi taarifa."

"Na nikikwama kabisa?"

Hapo fundi aliinua uso. Alieleza kwamba tyubu ni mpira, na mpira huvumilia mengi. Tyubu ya 26 huweza kunyooshwa ikakaa ndani ya tairi ya 27.5 bila malalamiko, na ndani ya 29 kwa safari ya kurudi nyumbani. Tyubu ya Black Mamba nayo huingia ndani ya tairi ya 29, iwapo tundu la vali kwenye ringi ni pana la kutosha, ingawa ni nyembamba na hutanuka kupita kiasi chake. Tairi, alisema, ni kinyume. Tairi haina subira. Ya 635 haishiki kwenye ringi ya 622 na ya 622 haivaliki kwenye 635. Ya 27.5 na 29 hazikuwepo Mwatate wala Voi kwa kadiri alivyojua yeye, na anayechanika tairi kwa jiwe hana fundi wa kumlilia.

Mazungumzo hayo yalikuwa na uzito kuliko matangazo yote yaliyowahi kuchapishwa. Baiskeli ni kifaa, lakini pia ni ahadi kwamba mtu fulani, mahali fulani karibu, ana kipuri chake. Ndiyo maana wasafiri wa baiskeli waliopita Afrika na Asia kwa miaka mingi waliishikilia 26 hata ilipokwisha kuachwa na mabingwa: walijua itapatikana katika duka lolote la kijijini. Kiwanda kinapobadilisha kipimo, mwenye fedha hununua upya naye asiye nazo huachiwa ringi nzima isiyo na tairi mpya nzuri. Si haki kusema kwamba gurudumu kubwa lilibuniwa kwa ulaghai wa biashara; ubora wake kwenye mawe umethibitika. Lakini si haki pia kujifanya kwamba kufukuzwa kwa 26 madukani kulikuwa uamuzi wa sayansi peke yake. Kila mwenye kiwanda humpenda mteja aliyechoka na alicho nacho.

Huko Mombasa, katika duka la baiskeli za mitumba, alizikuta zote tatu. Ya 29 ilikuwa na fremu ndogo ya alumini na breki za sahani. Ilipendeza, na muuzaji aliisifu kwa maneno mengi. Mwalimu aliipanda, akaizungusha uani kwa duara ndogo, na kiatu chake kikagonga tairi katika mzunguko wa pili. Ya 27.5 ilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Kama angekuwa Nairobi, au kama angekuwa na fedha za kununua tairi nne za akiba siku hiyo hiyo, ingekuwa upumbavu kuiacha. Lakini iligharimu karibu fedha zote, na tairi zake zilikuwa zimelika. Ya 26 ilikuwa ya chuma, bila uma wa springi, yenye gia 21 na mikwaruzo mingi. Fremu yake haikuwa imepinda, na ringi zilizunguka bila kutikisika. Aliichukua hiyo. Fedha zilizosalia zilimnunulia helmeti, tairi mbili pana zilizoandikwa 57-559, mipira mipya ya breki na tyubu tatu.

Wapo watakaosema alichagua kwa umaskini. Wana haki ya kusema hivyo, maana ni kweli kwa sehemu. Lakini ikumbukwe kwamba tairi pana iliyojazwa upepo wa wastani humeza mawe madogo ambayo ringi kubwa ingeyapita, na kwamba anayeshuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate kwenye lami ile inayojikunja kama utumbo anahitaji breki zinazoshika kabla ya kuhitaji milimita 63. Mjadala wa magurudumu umewafanya waendeshaji wengi kusahau mipira ya breki ya bei ya chakula cha mchana.

Katika shule hiyo hiyo yumo mwalimu wa michezo, mtu wa sentimita 185, ambaye miezi michache baadaye alinunua 29. Kwake mambo yote yalikuwa kinyume. Fremu kubwa ililimeza gurudumu bila kulazimishwa, miguu mirefu ikaimudu gia, na mahali ambapo njia ya mkato inakatwa na ngazi za mizizi yeye huteleza juu yake wakati mwenzake anainuka kwenye tandiko na kutafuta upenyo. Kwenye kona za juu, karibu na chemchemi, mwenye 26 huingia ndani na kutoka kabla ya yule mwingine kumaliza kugeuza usukani. Si kila siku. Siku nyingi mrefu hufika shuleni kwanza, kwa dakika mbili au tatu, na yafaa kukiri hivyo bila kuzungusha maneno. Kwa mtu wa kimo cha wastani au zaidi, anayepanda njia za mawe na anayeweza kupata vipuri, 29 ndiyo baiskeli bora. Mabishano yaliyobaki ni ya watu wafupi, ya watu wa mbali na maduka, na ya watu wapendao kuichezesha baiskeli kama mbuzi mdogo.

Huko kwenye mashindano mabingwa nao wameendelea kuvuruga mipaka. Mwaka wa 2017 Greg Minnaar wa Afrika Kusini alishinda mbio za mteremko huko Fort William, Scotland, juu ya 29, katika mchezo uliodhaniwa kuwa wa magurudumu madogo daima. Mwaka wa 2019 Loïc Bruni wa Ufaransa alitwaa ubingwa wa dunia wa mteremko huko Mont-Sainte-Anne, Kanada, akiwa na 29 mbele na 27.5 nyuma: la mbele liyapite mawe, la nyuma ligeuke upesi na kumwachia mwendeshaji nafasi ya kurudisha makalio nyuma kwenye mteremko mkali. Waendesha pikipiki za matopeni walikuwa na mpangilio wa namna hiyo miaka mingi kabla, inchi 21 mbele na 18 au 19 nyuma. Mwalimu wa hisabati alipoisoma habari hiyo kwa wanafunzi wake, yule aliyeuliza juu ya trekta alinyoosha mkono na kukumbusha kwamba trekta imefanya kinyume chake, kubwa nyuma na dogo mbele. Akaombwa aeleze kwa nini. Alishika chaki akaanza kuchora, na kengele ikalia kabla hajamaliza.

Kibandani Mwatate pana msumari mpya. Umening'inizwa tyubu za 29 zilizoletwa na matatu kutoka Mombasa kwa agizo la mwalimu wa michezo. Zilikuwa mbili. Moja ameshainunua, na ya pili fundi hakubali kumuuzia yeyote, hata yeye. Amemwambia aje nayo baiskeli yenyewe, na pancha ionekane.